Mgonjwa wa akili ana ini pia



Unamjua huyu mtu. Kila mtaa una wake. Kwenu huenda ni yule kaka anayezunguka sokoni akijibizana na watu ambao wewe huwaoni, au yule binti aliyefungiwa chumba cha uani tangu arudi kutoka chuo. Akikonda, tunasema ni ugonjwa wake. Akilala mchana kutwa, ni zile dawa. Macho yakigeuka manjano, dawa tena. Kila kinachompata mwilini tunakipandisha kichwani, halafu tunanyamaza. Na ini lake je? Nani amewahi kuuliza?

Nikupe kisa cha jirani zetu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, ana skizofrenia, ametumia dawa miaka mingi na alikuwa ametulia kweli, hata dukani anatumwa. Mwaka jana macho yakaanza kuwa manjano. Mamake akasema ni nyongo. Jirani mwingine akasema ni kijicho cha watu. Dadake, ambaye ndiye humpeleka kliniki kila mwezi, akamshika mkono wakaenda hospitali. Kitengo cha akili wakamwambia hiyo si kazi yetu, mpeleke kwa madaktari wa kawaida. Daktari wa kawaida akafungua kadi, akaona dawa anazotumia, akasema, "Huyu ni wa kule, mrudishe kule." Wiki tatu wanarushwa kama mpira, milango miwili ya hospitali moja! Siku ya mwisho dada mtu akakaa sakafuni mbele ya maabara akasema haondoki mpaka damu itolewe. Ikatolewa. Ikapatikana homa ya ini ya B, tena si ya juzi. Vipimo vilivyofuata vilionyesha ameishi nayo miaka.

Mimi kilichoniuma si zile wiki tatu peke yake. Kilichoniuma ni ile miaka. Mwezi baada ya mwezi kijana huyu alikuwa anaingia hospitali kwa miguu yake, anapiga foleni, anachukua tembe zake, anaondoka. Kila mwezi kulikuwa na nafasi ya mtu kumchoma kidole na kungoja dakika ishirini. Hakuna aliyefanya hivyo, kwa sababu hakuna aliyedhani ni kazi yake.

Kwanza tuelewane tunaongea nini, maana majina yanachanganya. Homa ya ini si ile homa ya manjano ya mbu. Ni ini kuvimba kwa sababu ya virusi, na virusi hivyo viko vya aina tano. A na E huingia kwa chakula na maji machafu, na mara nyingi hupita vyenyewe. D haimpati mtu asiye na B. Zinazoua kimya kimya ni B na C. C hupita kwa damu. B hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtu anaweza kuishi nazo miaka ishirini au thelathini bila kuhisi kitu, kisha siku moja tumbo linajaa maji na daktari anataja saratani ya ini. Virusi vya B hukaa hai nje ya mwili hata siku saba. Yaani ule wembe wenye damu iliyokauka juu ya dirisha la choo, Jumatatu hadi Jumatatu, bado una uwezo wa kuambukiza.

Na usianze kumtenga mtu. B na C haziambukizi kwa kula sinia moja, wala kwa kupeana mkono, wala kukumbatiana, wala kulala chumba kimoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa na B na milioni 50 walikuwa na C, na kwamba homa za ini ziliua watu milioni 1.3 mwaka huo mmoja. Katika wale wenye B, waliokuwa wamepimwa na kujua hali yao ni asilimia 13 tu. Sasa jiulize. Ikiwa mtu mwenye akili timamu, mwenye simu na nauli, hajui, yule anayefungiwa chumba cha uani atajuaje?

Labda utasema, mbona tuwachague wagonjwa wa akili? Kwani wao wana damu tofauti? Hawana. Virusi havimfuati mtu kwa sababu anasikia sauti. Vinafuata maisha tunayowaachia waishi. Msichana mwenye baipola akiwa kwenye hali ya kupanda anaweza kutumiwa vibaya na wanaume ambao asubuhi wanapita mbele yake kama hawamjui. Kaka anayelala nje anaazima wembe wa mwenzake. Kwenye mawodi na kwenye nyumba za kuwatunza, watu kumi wananyolewa kwa mashine moja. Wengine wanaanza kutafuta nafuu kwenye unga, na Pwani hatuhitaji kufundishwa kuhusu unga. Tunaowaita mateja, wengi wao ukikaa nao ukawasikiliza utagundua kichwa kiliumwa kabla ya sindano, au sindano ilikileta kichwani kilichokuwa kimejificha. Sindano moja ikipita mikono minne, C inapita nayo.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa heshima kwa sababu linatuhusu sisi. Mtu akianza kuchanganyikiwa, wengi wetu hatuanzi hospitali. Tunaanza kwa kusomewa, na kusomewa hakumwambukizi mtu homa ya ini. Lakini wengine wanachanjwa chale, wengine wanapelekwa kufanyiwa hijama, na hapo damu inatoka. Hijama yenyewe siigombezi. Nauliza wembe. Je, ulifunguliwa kwenye karatasi yake mbele yako? Vikombe vilichemshwa au vilisuuzwa tu? Mganga alivaa glavu mpya au zile za mteja wa asubuhi? Anayefanyiwa akiwa amechanganyikiwa hawezi kuuliza maswali haya. Uliza wewe uliyemsindikiza.

Ushahidi wa hatari hii si mpya. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watu 931 wenye magonjwa makali ya akili katika majimbo manne ya Marekani. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na alama za C kwenye damu yake. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa amewahi kukutana na B. Viwango hivyo vilikuwa vya juu mara kadhaa kuliko vya wananchi wengine wa nchi hiyo. Ni Marekani ile, yenye maabara kila kona.

Ukitaka kuhisi uzito wa jambo hili, soma habari za Willowbrook. Hii ilikuwa taasisi ya serikali huko Staten Island, New York, ya watoto wenye ulemavu wa akili. Sawa, ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni vitu viwili, lakini ukuta waliofungiwa nyuma yake ni mmoja. Ilijengwa kwa ajili ya watu wapatao elfu nne, ikajazwa elfu sita. Homa ya ini ilienea humo kwa sababu ya uchafu na msongamano. Kuanzia miaka ya 1950 daktari Saul Krugman na wenzake wakawaambukiza baadhi ya watoto hao virusi kwa makusudi ili kusoma jinsi ugonjwa unavyokwenda. Wazazi walitia sahihi, ndiyo, lakini kuna wakati mlango wa kuingilia taasisi hiyo iliyojaa ulikuwa wazi zaidi kwa aliyekubali utafiti. Hiyo ni ridhaa gani?

Utafiti huo ulisaidia kuonyesha kwamba kuna homa ya ini zaidi ya moja, na ulisaidia kufungua njia ya chanjo. Halafu kuna Baruch Blumberg, aliyegundua alama ya virusi vya B katika miaka ya 1960 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Yeye hakumwambukiza mtu, lakini hatua muhimu ya ugunduzi wake ilipatikana kwa kupima damu za watu wenye ugonjwa wa Down waliokuwa wakiishi kwenye taasisi kubwa. Tarehe 28 Julai, siku aliyozaliwa, ndiyo leo dunia inaadhimisha Siku ya Homa ya Ini.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ugonjwa huu yalitoka kwenye mishipa ya watu waliofungiwa kwa sababu ya akili zao. Damu yao ilipohitajika kwa elimu, njia ya kuipata ilijulikana. Inapohitajika kwa faida yao wenyewe, tunaambiwa "huyu ni wa kule."

Haki ya kusema ni kwamba zamani madaktari walikuwa na sababu. Dawa ya C ilikuwa interferoni, sindano za miezi mingi, na moja ya madhara yake yalikuwa kumtumbukiza mtu kwenye sonona kali, hata kufikiria kujiua. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili alinyimwa, na wakati ule pengine ilikuwa busara. Ukishajua humtibu mtu, kumpima kunakosa maana, basi upimaji nao ukaachwa. Lakini tangu mwaka 2013 zimekuja tembe mpya, sofosbuvir na wenzake, ambazo unameza kwa wiki nane hadi kumi na mbili na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona kabisa. Hazileti lile giza la interferoni. Sababu ilikufa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mazoea ndiyo bado yanatembea.

B haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini kuna tenofovir, tembe moja kwa siku, dawa ileile inayotumika kwenye matibabu ya HIV. Inavizuia virusi na kulilinda ini. Na ambaye hajaambukizwa ana chanjo, sindano tatu ndani ya miezi sita. Hapa nikwambie kitu wewe kijana: watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo ya B ndani ya ile sindano ya pamoja ya watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wewe wa miaka ishirini huenda uliipata kwenye mapaja ya mamako. Kakako wa miaka thelathini na tano, yule anayeumwa, huenda hakuipata.

Kuna sababu nyingine ya kupima mapema ambayo hata wasiojali haki za mtu wanapaswa kuielewa. Dawa kadhaa za akili hupitia kwenye ini, na baadhi zinaweza kuliumiza. Valproeti, inayotumika kwa baipola na kifafa, ni mojawapo. Klopromazini inaweza kuleta manjano. Daktari asiyejua hali ya ini anaandika dawa gizani. Na macho yakigeuka manjano hajui alaumu dawa au virusi. Kuna pia suala la dawa kugongana: kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, haifai kuchanganywa na sofosbuvir kwa sababu inaipunguza nguvu. Hayo hayatatuliwi na familia kumwachisha mgonjwa dawa nyumbani, tafadhali sana! Ukimwachisha ghafla unaweza kumrudisha alikotoka. Yanatatuliwa na madaktari wawili wa hospitali moja kuongea. Na ini likichoka kabisa, sumu hupanda kwenye ubongo, mtu anachanganyikiwa, anasahau, analala mchana na kukesha usiku. Kwa mtu mwenye historia ya akili, nani atafikiria ini? Ataongezewa tembe za usingizi.

Tutaambiwa nchi haina pesa. Itazame Misri. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na C duniani, na chanzo kikubwa kilikuwa serikali yenyewe: kampeni za kutibu kichocho kwa sindano ambazo hazikusafishwa vizuri, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980. Waliumizwa na hospitali, wakadai hospitali iwaponye. Wakatengeneza dawa wenyewe nchini kwa bei ndogo. Mwaka 2018 wakaanza kupima watu wazima kwa mamilioni, vijijini, kwenye vituo vya vijana, popote. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia kiwango cha dhahabu kwenye njia ya kuitokomeza C. Hawakusubiri kuwa matajiri.

Na sisi hatuombi kupima nchi nzima kesho. Tunaongea kuhusu watu ambao tayari wana faili na tarehe ya kurudi kliniki. Katika kliniki za methadone, ambazo zilianza Mathari mwaka 2014 na Malindi mwaka 2015, watu hurudi dirishani kila siku kunywa dawa mbele ya muuguzi. Wapimaji hawahitaji kumtafuta mtu vichochoroni. Yuko hapo.

Kwa upande wa haki, msingi upo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Hakijasema kila mtu isipokuwa mwenye wazimu. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya au ulemavu. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, ikaziwekea kaunti majukumu na kutaja haki za mgonjwa, ikiwemo kukubali au kukataa matibabu.

Hiyo ya mwisho naomba uikamate vizuri, maana tunaweza kuanza na nia njema tukamaliza na Willowbrook yetu. Kupima si kumkamata mtu mikono na kumtoa damu. Mtu mwenye skizofrenia ana siku zake nzuri, na siku hizo anaelewa, anauliza, anaamua. Mwambie kwa lugha yake kinachopimwa ni nini na majibu yatatumikaje. Akikataa leo, muulize tena mwezi ujao. Majibu yake ni yake. Si ya baraza la mtaa, si ya kikundi cha WhatsApp cha familia, wala si sababu ya kumfukuza wodini au kumpa sahani yake ya peke yake. Kipimo kikigeuzwa alama ya pili kwenye paji la uso la mtu ambaye tayari ana alama moja, bora tusingeanza.

Basi wewe ufanye nini? Kama una mgonjwa nyumbani, siku ya kliniki usiende kuchukua dawa tu. Uliza: amewahi kupimwa B na C? Majibu yako wapi kwenye faili? Kama C imeonekana, uliza kipimo cha pili, kwa sababu cha kwanza kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi, na watu wengine huviondoa wenyewe. Kama B haipo, uliza chanjo. Kama ipo, wote wa nyumba hiyo wapimwe, na mke au mume kwanza. Ukijibiwa "si kazi yetu", uliza kwa upole ni kazi ya nani, na uandike jina la kitengo.

Na kama huna mgonjwa nyumbani, una MCA. Kaunti ikiitisha kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, huwa tunasikia barabara, taa na uwanja wa mpira. Simama uulize kuhusu vipimo vya homa ya ini katika kitengo cha akili na kliniki ya methadone, na chanjo kwa wahudumu wanaowanyoa na kuwaogesha wagonjwa hao, maana nao wako hatarini. Watakutazama vibaya kidogo. Zoea.

Yule jirani yetu sasa anameza tenofovir yake pamoja na dawa zake za zamani, na macho yamerudi meupe. Mamake, dadake na wadogo zake wawili walipimwa wiki ileile. Mdogo mmoja alipatikana na B, hakuwa na dalili yoyote, na sasa anafuatiliwa. Dada mtu hakuwa nayo. Amechoma sindano mbili za chanjo. Ya tatu ni mwezi wa nane, ameiandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya tarehe ya kliniki ya kakake.